Kati ya Milango Miwili: Southall Black Sisters na Haki ya Mwanamke Mhamiaji

Shirika la kijamii linalowahudumia wanawake na familia za jamii za wachache ni taasisi isiyo ya serikali, ambayo kwa kawaida huanzishwa na wanawake wa jamii hizo wenyewe kwa lengo la kumfikisha mwanamke aliyedhulumiwa mahali ambako sheria inaweza kumlinda, kwa lugha anayoielewa na kwa njia isiyomdhalilisha. Nchini Uingereza, istilahi "jamii za wachache" hutumika kwa watu wenye asili ya Asia ya Kusini, Afrika, visiwa vya Karibi, Mashariki ya Kati na kwingineko, ambao wao au wazazi wao walihamia huko, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Miongoni mwa mashirika ya aina hiyo limo Southall Black Sisters, jina linaloweza kufasiriwa kuwa "Dada Weusi wa Southall", ambalo umaarufu wake umepita umbo lake: lilianza mwaka 1979 kama kikundi kidogo katika kitongoji kimoja cha magharibi mwa London, lakini kesi na kampeni zake zimegusa sheria ya mauaji, sheria ya uhamiaji, sheria ya ndoa na sheria ya usawa za nchi hiyo.

Historia ya shirika hilo inamhusu pia msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu ya familia za Kihindi zilizoishia London zilikwisha kuishi Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwa kizazi kimoja au viwili kabla ya kuhamia Uingereza. Pili, swali lililo kiini cha kazi ya shirika, yaani nani ana haki ya kubisha hodi pale ambapo mlango umefungwa na ndani kunasikika kilio, linaulizwa kila mahali ambako methali isemayo "nyumba usiyolala hujui ila yake" hutumiwa kumnyamazisha jirani.

Southall na wakazi wake

Southall imo katika halmashauri ya Ealing, si mbali na uwanja wa ndege wa Heathrow. Katika miaka ya 1950 viwanda vya eneo hilo, kikiwemo kiwanda cha mpira cha Woolf, vilihitaji wafanyakazi wa kazi ngumu zenye ujira mdogo, na wanaume kutoka Punjab, jimbo lililogawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947, walizijaza nafasi hizo, kisha wakawaita wake na watoto wao. Mwaka 1957 Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi kilianzishwa mjini humo, na mwaka 1965 wafanyakazi wa kiwanda cha Woolf waligoma, hivyo kwamba kabla hata wanawake hawajaunda kikundi chao, Southall ilikwisha kuwa mahali pa watu waliojua kujipanga.

Wimbi jingine la wahamiaji lilitoka Afrika Mashariki. Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wakazi wenye asili ya Kiasia ambao hawakuwa wamechukua uraia wa nchi hiyo, na maelfu yao, wakiwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kuondoka. Bunge la Uingereza likajibu kwa kupitisha, katika muda wa siku tatu tu mwaka 1968, sheria iliyowafungia njia wenye pasipoti hizo ambao hawakuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza. Mwaka 1972 Idi Amin alitoa siku 90 kwa Waasia wa Uganda kuihama nchi, na takriban 28,000 kati yao walipokewa Uingereza. Miongoni mwa wanawake waliopitia Afrika Mashariki alikuwamo Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania kabla ya kufika Uingereza, ambaye kati ya mwaka 1976 na 1978 aliongoza mgomo maarufu wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London. Alikuwamo pia Pragna Patel, aliyezaliwa Kenya na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto katika miaka ya 1960, ambaye baadaye aliiongoza Southall Black Sisters kwa miaka mingi.

Maisha ya wahamiaji hao yalizungukwa na uhasama. Mwaka 1976 kijana wa Kisingasinga, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa mjini Southall, na tarehe 23 Aprili 1979, chama cha National Front, kilichopinga kuwapo kwa watu wasio weupe nchini, kiliporuhusiwa kufanya mkutano katika ukumbi wa mji huo, maelfu ya wakazi walimiminika barabarani kupinga. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, mamia wakakamatwa, na mwalimu kutoka New Zealand aitwaye Blair Peach, aliyekuwa miongoni mwa waandamanaji, akafariki dunia kwa kipigo cha kichwani. Ilichukua hadi mwaka 2010 kwa polisi wa London kuichapisha ripoti ya uchunguzi wao wa ndani, iliyoonyesha kwamba kipigo hicho karibu hakika kilitoka kwa askari polisi.

Mwaka huohuo wa 1979 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba mwanamke wa Kihindi aliyewasili Heathrow ili aolewe alikuwa amekaguliwa mwili na daktari, kwa agizo la maofisa wa uhamiaji, ili ithibitike kama alikuwa bikira. Maofisa walijengea ukaguzi huo juu ya dhana kwamba mchumba wa kweli kutoka India hawezi kuwa amewahi kumjua mwanamume. Wanawake wa vikundi kadhaa vya Kiasia na Kiafrika waliandamana katika uwanja huo wa ndege, na kitendo hicho kikapigwa marufuku.

Katika hali hiyo ndipo, mwezi Novemba 1979, wanawake vijana wenye asili ya Asia na Karibi walipoanzisha Southall Black Sisters. Neno "weusi" katika jina hilo halikukusudiwa kutaja rangi ya ngozi wala asili ya Kiafrika pekee. Katika siasa za Uingereza za miaka ya 1970 lilikuwa jina la pamoja la watu wote waliotoka katika makoloni ya zamani na waliokutana na ubaguzi mmoja, awe Mpunjabi, Mjamaika au Mgujarati aliyezaliwa Mombasa. Maana hiyo imefifia tangu hapo, kwa kuwa kila jamii sasa hupendelea kutajwa kwa jina lake, lakini shirika limeendelea kulishikilia jina hilo kama kumbukumbu ya umoja uliolizaa.

Heshima, aibu na kazi ya kila siku

Kikundi hicho kilianza kwa siasa za barabarani, lakini punde kikakabiliwa na jambo ambalo vyama vya wanaume vilivyopinga ubaguzi havikutaka kuligusa, nalo ni ukatili wa majumbani. Kwa msaada wa fedha kutoka Baraza la London Kuu, lililokuwa serikali ya jiji hadi lilipofutwa mwaka 1986, kituo cha ushauri kilifunguliwa Southall mwaka 1983, na wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja, wengi wakizungumza Kipunjabi, Kihindi, Kiurdu au Kigujarati, na baadhi yao wakiwa hawajawahi kwenda ofisi yoyote bila mume au mkwe.

Ili kuelewa ugumu wa hatua hiyo ya kwanza ni lazima kuelewa maneno mawili. La kwanza ni "izzat", ambalo katika lugha za Asia ya Kusini lina maana ya heshima ya ukoo mzima, na ambalo asili yake ya Kiarabu ni ileile ya neno la Kiswahili "enzi". La pili ni "sharam", yaani aibu au haya. Katika familia nyingi za eneo hilo heshima ya ukoo huhesabiwa kuwa imekabidhiwa wanawake waitunze kwa mwenendo wao, na kwa hiyo mwanamke anayepigwa akitoka nje na kusema, aibu humwangukia yeye aliyesema badala ya kumwangukia aliyepiga. Akiondoka nyumbani, wadogo zake wa kike huenda wasiposwe. Akimshtaki mumewe, wazazi wake huko kijijini huenda wasisalimiwe. Mantiki hiyo haiko mbali na ile ya jamii nyingi za pwani na bara la Afrika Mashariki, ambako mke huhimizwa kuvumilia kwa ajili ya kuificha siri ya nyumba, na uvumilivu huo ukaitwa stara.

Kazi ya kila siku ya kituo, basi, huanza kwa kusikiliza na kuendelea kwa mambo ya vitendo. Mfanyakazi humsaidia mwanamke kutafuta nafasi katika nyumba salama, ambayo ni makazi ya muda yenye anwani isiyotangazwa. Humwandalia maelezo ya kupeleka mahakamani ili apate amri ya zuio, yaani amri inayomkataza mume kumkaribia. Humfuatilia posho, shule ya watoto na wakili. Na humpatia ushauri nasaha pamoja na kikundi cha wanawake wenzake waliopita njia hiyohiyo. Lugha ni sehemu muhimu ya huduma, lakini si yote. Mkalimani wa kukodiwa anaweza kutafsiri sentensi isemayo "mama mkwe amechukua dhahabu yangu", asiweze kumweleza ofisa kwamba dhahabu hiyo ya harusi ndiyo mali pekee ya mke, na kwamba kunyang'anywa kwake ni dalili ya kufukuzwa.

Kazi hiyo haikupokewa kwa shangwe. Wazee na viongozi wa jamii waliwaita wanawake wa kituo wavunja nyumba, na wengine waliwalaumu kwa kuwapa wabaguzi silaha ya kuitukana jamii nzima. Lawama hiyo ya pili ilikuwa na uzito, kwa kuwa wapo waliongoja kwa hamu ushahidi kwamba watu wa Asia ni wakatili kwa asili. Jibu la shirika lilikuwa kwamba ukatili wa waume wa Kipunjabi na ukatili wa waume wa Kiingereza ni jambo moja lenye mavazi tofauti, na kwamba kuuficha mmoja kwa hofu ya adui wa nje ni kumtoa mwanamke kafara ya heshima ya wanaume.

Upande wa pili ulikuwa serikali. Tangu miaka ya 1980 sera ya Uingereza ilihimiza kuheshimu tamaduni za watu mbalimbali, sera ambayo kwa jumla ilikuwa na nia njema, lakini ambayo mara nyingi ilitekelezwa kwa kuzungumza na viongozi wa dini na wazee wa jamii kana kwamba wao ndio jamii yote. Polisi waliitwa kwenye nyumba ya Kiasia, wakaambiwa kwamba hilo ni suala la utamaduni, wakaondoka. Maofisa wa ustawi wa jamii walimrudisha msichana aliyetoroka kwa wazazi wake ili familia isuluhishwe. Mwanamke, kwa hiyo, alisimama kati ya milango miwili, ambapo jamii ilimwambia asiende serikalini, na serikali ikamwambia arudi kwenye jamii yake.

Kesi ya Kiranjit Ahluwalia

Kesi iliyolitangaza shirika duniani ni ya Kiranjit Ahluwalia, mwanamke kutoka Punjab aliyeolewa mwaka 1979 na kuhamia kwa mumewe Uingereza, ambako alipigwa na kuteswa kwa miaka 10. Usiku mmoja wa Mei 1989, mume akiwa amelala baada ya kumtesa tena, alimwagia petroli na kumwasha moto, na siku chache baadaye mume akafariki dunia. Desemba mwaka huo mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia na kumhukumu kifungo cha maisha.

Sheria ya Kiingereza wakati huo iliruhusu kosa la mauaji lipunguzwe na kuwa la kuua bila kukusudia ikiwa mshtakiwa alighadhabishwa na aliyeuawa, ila tangu hukumu ya Duffy ya mwaka 1949 ghadhabu hiyo ilipaswa kuwa kupoteza kujizuia kwa ghafla na kwa muda mfupi. Wanasheria wa kampeni ya kumtetea walionyesha kwamba kipimo hicho kilikatwa kwa mwili wa mwanamume, ambaye hukasirika na kupiga papo hapo, huku mwanamke aliye dhaifu kwa nguvu za mwili, akijua kwamba akirudisha pigo atauawa, huiweka hasira moyoni kwa miaka hadi ifurike siku moja mshambuliaji akiwa amelala. Kwa sheria, muda uliopita kati ya kipigo na kisasi ulihesabiwa kuwa muda wa kupoa. Kwa mwanamke huyo ulikuwa muda wa kuchemka.

Southall Black Sisters iliichukua kesi hiyo, ikakusanya ushahidi, ikaandamana na kumpatia mawakili wapya. Mwezi Julai 1992 Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu ya awali. Ni muhimu kueleza kwa usahihi sababu ya uamuzi huo, kwa maana mara nyingi husimuliwa vibaya. Majaji hawakukubali kwamba kanuni ya ghadhabu ya ghafla ibadilishwe, ingawa walikiri kwamba kuchelewa kidogo peke yake hakuifuti hoja ya ghadhabu. Walichokubali ni ushahidi mpya wa kitabibu, ambao haukuwahi kupelekwa mbele ya mahakama ya kwanza, kwamba mshtakiwa alikuwa na maradhi ya huzuni kubwa yaliyopunguza uwajibikaji wake. Septemba mwaka huo, kesi iliporudiwa, kosa la kuua bila kukusudia lilikubaliwa na akahukumiwa miaka mitatu na miezi minne, muda ambao alikwisha kuutumikia, akaachiwa siku hiyohiyo. Kisa chake kilitengenezewa filamu iitwayo Provoked mwaka 2006, ambamo mwigizaji Aishwarya Rai alichukua nafasi yake.

Bunge ndilo lililomaliza kazi ambayo majaji waliiacha. Sheria ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliifuta hoja ya zamani ya ghadhabu na kuweka mahali pake hoja ya kupoteza kujizuia, ambayo haidai tena kwamba hali hiyo iwe ya ghafla na ambayo inatambua hofu ya kutendewa ukatili kuwa chanzo chake. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali, kwa sababu kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, zina maneno yaleyale ya ghadhabu ya ghafla kabla hasira haijapata muda wa kupoa, na kwa hiyo hoja iliyojengwa Southall inaweza kuulizwa pia katika mahakama za Nairobi na Dar es Salaam.

Si kila kesi iliyoshinda. Zoora Shah, mwanamke wa Bradford aliyetiwa hatiani mwaka 1993 kwa kumuua kwa sumu mwanamume aliyemnyanyasa kwa miaka mingi, hakusema lolote katika kesi yake ya kwanza, kwa kuogopa kwamba kueleza alivyoingiliwa kimwili kungewaharibia binti zake sifa. Rufaa yake ilitupwa mwaka 1998 kwa kuwa majaji hawakumwamini mwanamke aliyenyamaza kisha akasema baadaye. Kampeni ilifanikiwa tu kumpunguzia muda wa chini wa kifungo kutoka miaka 20 hadi 12. Kesi hiyo inaonyesha gharama ya "sharam" waziwazi kuliko maelezo yoyote ya kinadharia, kwa sababu ukimya uleule ambao jamii iliuita adabu, mahakama iliuhesabu kuwa uongo.

Viza mikononi mwa mume

Eneo la pili ambalo shirika limelifanyia kazi kwa muda mrefu ni uhamiaji. Mke anayemfuata mume Uingereza hupewa kwanza kibali cha majaribio, ambacho kilikuwa cha miezi 12, kikaongezwa kuwa miaka miwili mwaka 2003 na miaka mitano mwaka 2012. Katika kipindi hicho kibali chake hutegemea kuendelea kwa ndoa, na juu yake huwekwa sharti linalomnyima haki ya kutumia fedha za umma, maana yake hawezi kupata posho ya serikali wala makazi ya halmashauri. Kwa kuwa nyumba salama nyingi huendeshwa kwa kodi ya pango inayolipwa na posho hizo, mwanamke asiye na haki hiyo alifika mlangoni akiwa na majeraha na watoto, akaambiwa kwamba hana wa kumlipia kitanda. Mume mkatili alijua jambo hilo vizuri, na vitisho vya kumrudisha mke kwao vilikuwa na nguvu kuliko ngumi.

Kampeni dhidi ya kanuni hiyo ilianza mapema miaka ya 1990 na kuzaa matunda kidogokidogo. Mwaka 1999 serikali ilikubali kwamba mke aliyeacha ndoa kwa sababu ya ukatili uliothibitishwa angeweza kuomba kubaki. Mwaka 2002 jambo hilo liliingizwa katika kanuni rasmi. Na mwaka 2012 ulianzishwa utaratibu unaomruhusu kutumia fedha za umma kwa miezi mitatu huku ombi lake likishughulikiwa. Faida hizo ziliwafikia hasa wake wa raia na wakazi wa kudumu, wakati wanawake waliokuja kwa viza za masomo, za kazi au wasio na hati kabisa walibaki nje. Mwaka 2021, wakati Bunge lilipopitisha sheria mpya ya ukatili wa majumbani bila kuwajumuisha wote hao, serikali ilianzisha mpango wa majaribio wa kuwasaidia, na uendeshaji wake ukakabidhiwa Southall Black Sisters pamoja na washirika wake.

Suala la ndoa za kulazimishwa lilifuata mkondo kama huo. Ndoa ya kulazimishwa hutofautiana na ndoa ya kupangwa, kwa kuwa katika hii ya pili wazazi huchagua na wahusika huridhia, ilhali katika ile ya kwanza ridhaa haipo au imepatikana kwa vitisho. Hannana Siddiqui wa Southall Black Sisters aliteuliwa katika kikundi kazi cha serikali cha mwaka 1999 kuhusu jambo hilo, akajiuzulu kwa sababu wenzake walikubali usuluhishi wa kifamilia uwe mojawapo ya njia za kushughulikia kesi, naye akijua kwamba msichana aketiye mbele ya baba na wajomba hana uhuru wa kusema hapana. Sheria ya mwaka 2007, ambayo mswada wake ulianzishwa na Lord Lester, iliipa mahakama ya madai uwezo wa kutoa amri za ulinzi, kwa mfano kuagiza pasipoti ya msichana ikabidhiwe ili asipelekwe ng'ambo. Baadaye, mwaka 2014, kulazimisha ndoa kulifanywa kosa la jinai, hatua ambayo shirika liliitilia shaka likihofia kwamba wasichana wengi wangenyamaza kuliko kuwapeleka wazazi wao gerezani.

Upendeleo au usawa?

Mwaka 2007 shirika lenyewe ndilo lililokaribia kufungwa. Halmashauri ya Ealing, iliyokuwa ikitoa ruzuku kwa kituo hicho, iliamua kwamba fedha zitolewe kwa huduma moja tu ya ukatili wa majumbani, itakayowahudumia wakazi wote wa eneo lake bila kujali asili yao, kwa hoja kwamba huduma maalumu kwa wanawake wa jamii za wachache inawatenga wengine na kudhoofisha mshikamano wa jamii. Hoja hiyo ilisikika ya haki, na ndiyo sababu ilikuwa ya hatari: ilichukulia kwamba mlango ulio wazi kwa wote hufikiwa na wote kwa urahisi uleule.

Wanawake wawili waliotumia kituo waliipeleka halmashauri katika Mahakama Kuu, na mwezi Julai 2008, kesi ikiwa bado inasikilizwa, halmashauri ikasalimu amri. Jaji Moses, hata hivyo, alitoa hukumu ya maandishi, akaeleza kwamba halmashauri ilishindwa kupima athari za uamuzi wake kwa jamii za wachache kama Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya mwaka 1976 ilivyoitaka, na kwamba hakuna mgongano kati ya kugharimia huduma maalumu na kutafuta usawa, kwa kuwa mara nyingine ya kwanza ndiyo njia ya kuufikia wa pili. Tangu hapo hukumu hiyo imekuwa ngao kwa mashirika mengine madogo, katika nchi ambako yapo mengi, kama vile FORWARD, lililoanzishwa mwaka 1983 na Efua Dorkenoo kutoka Ghana ili kupambana na ukeketaji, na Karma Nirvana, lililoanzishwa mwaka 1993 na Jasvinder Sanghera kuwasaidia waathirika wa ndoa za kulazimishwa.

Msimamo wa Southall Black Sisters wa kupigana pande mbili ulionekana wazi kuliko wakati wowote mwezi Mei 1989, katika mtafaruku uliofuata riwaya ya mwandishi Salman Rushdie, ambayo Waislamu wengi waliiona kuwa tusi kwa dini yao. Wanachama wake, pamoja na wenzao waliokuwa wameanzisha kikundi cha Wanawake Dhidi ya Misimamo Mikali ya Dini, walisimama jijini London kupinga maandamano ya waliotaka kitabu hicho kipigwe marufuku, na wakajikuta kati ya waandamanaji hao na wafuasi wa National Front, huku wakitukanwa na pande zote mbili. Mwaka 2017 shirika lilirudi katika msimamo huohuo mbele ya Mahakama ya Rufani, likiunga mkono hoja kwamba kuwatenganisha wavulana na wasichana katika shule moja ya Kiislamu ya Birmingham kulikuwa ubaguzi, na mahakama ikakubali. Wakosoaji husema kwamba mwelekeo huo huchochea chuki dhidi ya dini za wachache, na lawama hiyo haiwezi kupuuzwa katika nchi ambako misikiti hushambuliwa. Lakini anayeitoa ana wajibu wa kueleza mwanamke aliyedhulumiwa kwa jina la dini aende wapi.

Funzo la miaka zaidi ya 40 ya shirika hilo ni kwamba usawa hauji kwa kumpa kila mtu huduma ileile, bali kwa kuhakikisha kwamba kila mtu anaweza kuifikia, na kwamba jamii haiheshimiwi kwa kunyamaza juu ya wanawake wake. Funzo hilo bado halijakubaliwa kikamilifu hata na serikali iliyolisikia mara nyingi. Mwaka 2022 Uingereza iliridhia Mkataba wa Istanbul, mkataba wa Ulaya wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, lakini ilipouridhia iliweka pembeni kifungu cha 59, ambacho ndicho kinachozitaka nchi zimpe mwanamke mhamiaji kibali cha kuishi kinachojitegemea pale ambapo ndoa yake imevunjika kwa ukatili.